Siku Soko Lilipotulia

Asubuhi niliyoamua kuuza kila kitu, nilivaa koti langu zito la kanisani na kuchana nywele mara mbili, kama mtu anayekwenda kuonana na daktari. Redio ilikuwa imesema kwa siku ya nne mfululizo kwamba soko la hisa limeshuka, na shilingi nayo imeshuka. Mwanangu, ambaye ni mtoto wangu wa pekee na anafanya kazi ng'ambo, alikuwa amenipigia Jumapili akaniambia nisingoje tena.

"Toa yote, Mum," alisema. "Badilisha iwe dola. Cha kufanya baadaye nitakwambia."

Huwa anapiga Jumapili baada ya ibada, tunaongea dakika kumi na tano, wakati mwingine ishirini. Jumapili hiyo tuliongea soko tu mpaka dakika zikaisha, na nilipoweka simu chini nikakumbuka sikumuuliza kama kikohozi chake kilipona.

Mume wangu alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya hapo. Kwa miaka mingi tulikuwa na duka la sare za shule hapa Eldoret, mimi nikishona nyuma, yeye akiuza mbele. Alipougua tulilifunga, tukauza cherehani zote isipokuwa moja. Pesa zilizotokana na duka, pamoja na akiba aliyokuwa akiiweka kidogo kidogo, alikuwa amezitia kwenye hisa za kampuni kadhaa na kwenye mfuko wa uwekezaji unaosimamiwa na ofisi moja ya hapa mjini. Mimi sikuwahi kuikanyaga ofisi hiyo. Katika ndoa yetu kila mtu alikuwa na upande wake. Vitambaa, vipimo na vifungo vilikuwa vyangu, na karatasi zilikuwa zake. Alipokufa, barua kutoka ofisini ziliendelea kuja kwa jina lake, nami niliziweka kwenye droo bila kuzifungua, kwa sababu hazikuwa zangu.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilipanda nami ngazi zote. Nilitarajia kumkuta mzee. Mume wangu alipokuwa akimtaja "yule mshauri" alimtaja kwa heshima, kama anavyotajwa mwalimu mkuu. Kumbe alikuwa kijana asiyefika miaka thelathini, mrefu, amevaa sweta chini ya koti la suti kwa sababu ya baridi ya Julai. Alisimama nilipoingia, akanisalimia kwa mikono miwili, akanipa pole ya msiba wa Mzee wangu kana kwamba tulimzika wiki iliyopita. Nilishtuka kidogo. Ilikuwa imepita miezi tangu mtu anipe pole.

Nilimwambia nimekuja kuuza. Hakunibishia. Aligeuza kompyuta yake nione, akanionyesha mstari uliokuwa ukishuka kama njia ya mbuzi mlimani, kisha akanionyesha ule wa miaka mingi nyuma, unaoshuka na kupanda, ukashuka tena. Alinieleza kwa Kiswahili chepesi kwamba hasara niliyokuwa nikiisikia redioni ilikuwa bado ya kwenye karatasi, na kwamba nikiuza siku hiyo ndipo itakuwa ya kweli. Kuhusu dola alisema imeshapanda sana, na anayeinunua wakati watu wana hofu huinunua ghali. Nilielewa zaidi ya nilivyodhani ningeelewa. Hata hivyo nilikaza kamba. Nilisema mwanangu amesema.

Ndipo akauliza, "Pesa hii ni ya nini, Mama?"

Nikaanza kuhesabu kichwani. Karo ya shule ilikuwa imekwisha zamani. Nyumba tunayo, ndogo lakini yetu. Mzee hayuko, hospitali hatuendi tena. Nilisema ni ya kuishi. Akaniuliza ninatumia kiasi gani kwa mwezi, na hapo nikajikuta nikimweleza mambo ambayo hakuuliza: kwamba ninapika mara moja tu kwa siku kwa sababu kumpikia mtu mmoja kunachosha, kwamba paketi moja ya majani ya chai sasa inanimaliza miezi miwili, kwamba umeme wangu ni wa taa moja na redio. Alikuwa akiandika. Kisha akaacha kuandika, akaweka kalamu chini, akaendelea kunisikiliza tu.

Aliniomba nisiamue siku hiyo. Nirudi nyumbani, nikae wiki moja. "Na usiskize redio," alisema. "Soko likishuka nitakupigia mimi mwenyewe, nikuambie limeshuka kwa nini. Sawa?"

Nikasema sawa.

Kesho yake simu ililia saa tisa na dakika chache, soko likiwa limetoka tu kufungwa. Limeshuka tena, alisema, lakini si sana, wawekezaji wa kigeni wanatoa pesa zao, hakuna kampuni iliyokufa. Halafu akauliza, "Na wewe uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Mazungumzo hayakufika dakika tatu. Lakini baada ya hapo nilichemsha chai, nikainywa nikiwa nimesimama mlangoni nikitazama barabara, na jioni ile nilipika mara ya pili, ugali na mboga, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu Jumapili.

Wiki hizo zilikuwa mbaya sokoni. Alinipigia siku nyingi, wakati huo huo kila mara. Kwanza tulizungumza hisa, kisha kidogo kidogo tukaanza kuzungumza mengine. Aliniambia kwao ni upande wa Chepsaita, baba yake analima mahindi, na kwamba mzee huyo huamini mvua kuliko benki. Aliwahi kuniuliza mtu anajuaje kitambaa kizuri cha suruali ya shule, nikamfundisha kukikunja ngumini na kukiachia, aone kama kitabaki na mikunjo. Siku iliyofuata akaniambia amejaribu kwenye suruali yake ya kazi na imefeli. Nilicheka peke yangu jikoni kwa muda mrefu.

Nilianza kujipanga kwa ajili ya saa tisa. Vyombo nilivimaliza kabla ya saa nane na nusu. Nilikuwa nikiisogeza simu kutoka mezani na kuiweka kwenye mkono wa kiti, nikaketi karibu na dirisha na kazi ya kushona mapajani, ingawa hapakuwa na mtu wa kumshonea. Kina mama wa jumuiya ya kanisa walikuwa wamekuja sana mwezi wa kwanza wa msiba, wakaja mara moja moja mwezi wa pili, kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake, na sikuwalaumu. Hata mimi nimewahi kuwaacha wajane wengine hivyo hivyo.

Siku soko lilipopanda, hakupiga. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu: atapiga likishuka. Kwa hiyo nilijifunza kuitambua siku nzuri kwa ukimya wake. Na sasa nitasema jambo ambalo halinipi sifa. Nilianza kutamani soko lianguke. Nilivunja ahadi yangu, nikawa nawasha redio taarifa ya saa saba, na msomaji alipotaja hisa nilikaza masikio nikitumaini kusikia zimeporomoka. Nilijua kuna watu wengi wanaoumia. Nilijua ni jasho la mume wangu linalopungua, miaka yake yote ya kusimama nyuma ya meza ya duka akiwabembeleza wazazi wenye watoto wanne na pesa za sare moja. Lakini nikisikia limeshuka, kifua changu kilifurahi, kama unavyofurahi unaposikia lango linafunguliwa na unajua ni mgeni wako.

Mwishoni mwa Agosti soko likatulia. Wiki moja ikapita, simu kimya. Ya pili ikapita. Redio iliacha kutaja hisa, ikarudi kwenye siasa na bei ya mbolea. Mwanangu naye alipopiga Jumapili hakuuliza kama nimeuza. Alisema ana haraka kidogo. Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, saa tisa ilifika na kupita nami nimeketi dirishani. Saa kumi nikamwona jirani akipita na mtoto mgongoni, nikampungia mkono, hakuniona. Nikachukua simu, nikampigia mshauri, nikamwambia nimeamua kuuza zote.

Ulikuwa uongo. Sikuwa nimeamua chochote.

Nilisikia akisogeza karatasi. Kisha akasema, "Sawa, Mama. Kuja kesho asubuhi nitakuwa nimetayarisha fomu."

Nilipofika fomu zilikuwa mezani, tatu, amezitia alama ndogo za penseli mahali pa kutia sahihi. Alinieleza kila moja polepole. Aliniambia zile pesa ni zangu, kwamba kazi yake ni kuniambia anachokiona, kuamua ni kwangu. Akanipa kalamu. Niliishika. Nilikuwa nimejidanganya kwamba atanikataza, kwamba tutabishana na kubishana kutachukua asubuhi nzima. Yeye alikuwa ameniheshimu, na heshima yake ilikuwa imenifikisha ukingoni. Kwa kiburi nilikaribia kutia sahihi. Niliweka ncha ya kalamu kwenye karatasi, kisha nikaiinua.

"Mama," alisema, "soko limetulia wiki tatu sasa. Mbona leo?"

Nilitazama dirisha lake, linalotazamana na benki na msururu wa boda boda waliokuwa wakingoja abiria. Alingoja. Kisha aliinuka, akafungua kabati la chuma, akaleta faili ya kahawia yenye jina la mume wangu. Alitoa fomu ya kwanza kabisa, ambayo mume wangu aliijaza siku alipofungua akaunti, miaka mingi kabla kijana huyu hajaajiriwa. Alisema aliisoma siku alipokabidhiwa faili, na hajawahi kuisahau. Wateja wengi, alisema, wakiulizwa lengo la kuweka akiba huandika karo, au kujenga, au uzee. Kisha akanigeuzia ile karatasi.

Niliyatambua maandishi kabla ya kuyasoma. Mume wangu aliandika kwa herufi kubwa siku zote, kama alivyoandika bei dukani. Alikuwa ameandika: MKE WANGU ASIJE AKAOMBA MTU KITU.

Nilisoma mara mbili. Nilijua maneno yale yalitoka wapi, na nikamwambia.

Kabla ya duka kuwa kazi yetu kuu tulikuwa na ekari tatu nje ya mji, upande wa Plateau, nyumba ya mabati na ghala. Wazazi wetu walitoka Mkoa wa Kati, lakini sisi wawili tulizaliwa na kukulia huku huku. Katika ule mwaka wa vurugu baada ya uchaguzi, watu wa asili yetu walipofukuzwa, nyumba ilichomwa, na ghala likachomwa likiwa na mahindi ya mavuno. Tulikimbia na mtoto na nguo tulizovaa. Tulikaa wiki nyingi kambini, uwanjani, chini ya turubai. Kila asubuhi kulikuwa na foleni ya unga, na kina mama ndio walikuwa wakipanga foleni. Mume wangu alikuwa akisimama mbali kidogo, akinitazama nimeshika beseni. Tulipoanza tena, na cherehani moja ya kukodi, aliapa hatanunua shamba jingine. Alisema anataka kitu ambacho mtu hawezi kukiwashia kiberiti. Ekari zile tuliziuza kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana akapenda hisa.

"Na amefaulu," nikamwambia yule kijana. "Simwombi mtu kitu. Na hakuna mtu."

Alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani nimemwaibisha, nikaanza kutafuta mkoba wangu niondoke. Ndipo akasema, bila kuniangalia, "Mimi nilikuwa naingia darasa la sita. Shule ilipofunguliwa, nusu ya madawati yalikuwa wazi. Yule nilikuwa naketi naye tangu darasa la kwanza hakurudi. Nilimwekea nafasi mpaka muhula wa pili. Mwalimu akaniambia nisonge katikati."

Chini barabarani mwenye duka la dawa alikuwa akipakia magunia kwenye pikapu na kuyahesabu kwa sauti. Kijana huyu hakunikosea lolote, nami sikumkosea, lakini tulikuwa tumebeba mwaka ule ule, kila mmoja na upande wake, mimi wa waliofukuzwa, yeye wa waliobaki, na hatukuwa tumewahi kumwonyesha mtu wa upande wa pili.

"Sikuja kuuza," nikamwambia mwishowe. "Nilikuja kwa sababu hukupiga simu."

Hakucheka wala hakunihurumia. Alizikusanya zile fomu tatu, akazichana katikati, akazitia kwenye ndoo ya takataka. "Nilidhani nikinyamaza utapumzika," alisema.

Baada ya hapo tulifanya kazi yenyewe, na ilichukua asubuhi nzima kama nilivyotaka. Alinishauri nisiache kila kitu mahali pamoja. Tulihamisha sehemu ya pesa za ule mfuko wa uwekezaji kwenye bondi za serikali, zinazolipa riba mara mbili kwa mwaka soko likiwa juu au chini, na zilizobaki tukaziacha zilipokuwa. Akanifundisha kusoma taarifa ya kila mwezi. Nilirudi nyumbani nikaifungua ile droo, nikazifungua barua zote moja baada ya nyingine, nikizipanga kwa miezi. Jina la mume wangu juu ya kila moja halikunitisha tena. Jumapili mwanangu alipopiga nilimwambia sijauza na sitauza. Aliguna kwa namna ya mtu aliyekasirika lakini hataki kugombana na mama yake. Nikamwambia leo tusiongee soko, aniambie amekula nini. Akasema mkate na mayai. Nikamuuliza aliyapikaje. Tukafika dakika thelathini na tano siku hiyo, na nikajua kwamba huko aliko pia anakula peke yake.

Mshauri alianza kunipigia kila Ijumaa, soko liwe limepanda au limeshuka. Ilikuwa hivyo mpaka mavuno yalipokwisha na mahindi kujaa kwenye maturubai kando ya barabara. Kisha Ijumaa moja akaniambia amehamishiwa mji mwingine. Amepandishwa cheo. Nilimpongeza, na niliifurahia kweli bahati yake. Nikamwambia kabla hajaondoka aje kwangu Jumamosi, aje na mkewe, nitapika.

Alinishukuru sana. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Lakini Mama, ofisi haituruhusu kula kwa mteja."

Neno lile lilinichoma, ingawa lilikuwa neno la kweli. Nilikuwa mteja. Karatasi zote zilisema hivyo, na kazi yake yote ya kunipigia simu, hata zile simu ambazo hakulazimika kuzipiga, ilikuwa imepitia kwenye neno hilo. Nilimwambia naelewa, sheria ni sheria. Tulitakiana heri. Alinipa salamu za baba yake, ambaye sijawahi kumwona. Kuku nilikuwa nimeshamnunua asubuhi ile, maana nilipanga kumkaribisha hata kabla ya habari ya uhamisho; alikuwa amefungwa mguu nyuma ya nyumba. Nilikwenda nikamfungua.

Siku hizi faili yangu iko Nairobi. Kuna binti anayepiga mara moja kila robo mwaka, ana sauti nzuri, na kwanza huniuliza namba ya kitambulisho ahakikishe ni mimi. Huniuliza kama kuna kingine angeweza kunisaidia, nami husema hapana. Hisa zimepanda, si zote, lakini nyingi. Shilingi ilipata nguvu, dola ikashuka, na mwanangu hajaitaja tena. Mambo yamekuwa kama kijana alivyosema yatakuwa, na wakati mwingine nataka kumpigia nimwambie hivyo, lakini naona si vizuri kumsumbua mtu kwenye kazi mpya.

Riba ya kwanza ya bondi iliingia siku ya soko. Nilikuwa nimesimama kwa mama mmoja anayeuza mboga karibu na stendi, nikichagua kabichi, ndipo simu ikatetemeka mkononi na nikasoma ujumbe. Nilitazama huku na huku. Watu walikuwa wakipita na mizigo yao, na hapakuwa na hata mmoja niliyemjua.

"Leo nimepata pesa kidogo," nikamwambia yule muuzaji.

Aliniangalia, akatabasamu, akaipangusa kabichi nyingine kwa leso yake. "Basi chukua mbili, Mama," alisema.

Nikachukua mbili, ingawa moja hunitosha wiki nzima.